Akiba ya Safari

Fedha ina tabia mbili. Ikiwa kwao hufanana na mzee wa mtaa: kila mlango humjua, kila duka humkaribisha, wala hapana amwulizaye atokako. Ikivuka mpaka hufanana na mgeni aliyeingia usiku: hutazamwa juu na chini, huulizwa nasaba yake, na mwisho hupewa heshima ile tu ambayo wenyeji wamekubaliana kumpa siku hiyo. Kesho heshima hiyo yaweza kuzidi au kupungua, na mgeni hana neno la kusema. Mtu aliyeweka akiba kwa miaka mingi katika fedha ya nchi yake, kisha akaazimu kuhamia nchi nyingine, hukutana na tabia hii ya pili mwishoni mwa kazi yake, wakati ambapo amedhani kwamba sehemu ngumu imekwisha kupita.

Mwalimu mmoja wa hesabu, mkazi wa Buguruni katika Dar es Salaam, alikutana nayo katika miaka ya 2024 na 2025. Buguruni ni mahali pa watu wa kazi. Barabara ya Uhuru hutoka mjini, hupita Kariakoo na Ilala, ikaja kukutana hapo na Barabara ya Mandela, ambamo malori ya mizigo ya bandarini hupita usiku na mchana yakielekea bara, Zambia na Kongo. Mizigo ile huhesabiwa kwa dola. Hatua chache kutoka barabarani, sokoni, mihogo na viazi huhesabiwa kwa mafungu na kwa shilingi. Mama yake mwalimu alikuwa muuza mihogo. Kwa muda wa miaka ishirini na zaidi alikuwa ameuza fungu baada ya fungu huku malori yakipita, asiwe na sababu hata moja ya kujua kwamba dola ni shilingi ngapi.

Binti alikuwa na shahada ya kwanza, na alitamani kwenda kuchukua ya pili katika Ujerumani, ambako vyuo vikuu vingi vya serikali havitozi ada ya masomo. Jambo hili lilimfanya aione njia kuwa nyeupe. Lakini nchi isiyotoza ada hutaka kujua mgeni atakula nini. Mwanafunzi anayeomba ruhusa ya kuingia hupaswa kuonyesha kwamba anayo matumizi ya mwaka mzima, na njia ya kawaida ya kuonyesha ni kuweka fedha katika akaunti maalumu iliyofungwa, ambayo mwenyewe hawezi kutoa ndani yake ila kiasi cha mwezi mmoja kwa kila mwezi. Tangu mwezi wa Septemba 2024 kiasi hicho kilikuwa yuro 992 kwa mwezi, yaani yuro 11,904 kwa mwaka. Kabla ya hapo kilikuwa 11,208 kwa mwaka. Yuro hizo zilitakiwa kuwapo kabla ya mtu kupanda ndege. Ahadi ya kuzipata baadaye haikuwa na kazi.

Kwa muda wa miaka sita mama na binti walikuwa wameweka akiba. Mwanzo walitumia kibubu cha mbao kilichokaa chini ya kitanda, baadaye benki. Binti alitoa sehemu ya mshahara wake, na mama alitoa sehemu ya mihogo yake. Pamoja na hayo mama alicheza upatu na wanawake wenzake wa sokoni, watu 20, kila mmoja akitoa shilingi 200,000 kwa mwezi, na kila mwezi mmoja wao akapokea shilingi 4,000,000 kutoka kwa kijumbe. Kila zamu ya mama ilipofika, fedha zile zilikwenda katika akiba ya safari. Mwisho wa mwaka 2024 akiba ilifika shilingi 30,500,000. Katika chumba cha kupanga cha Buguruni jumla hiyo ilikuwa kubwa kiasi cha kutamkwa kwa sauti ndogo.

Hesabu iliyofuata ilikuwa nyepesi kwa mwalimu wa hesabu. Kila shilingi moja inayoongezeka katika bei ya yuro hudai shilingi 11,904 zaidi. Ikiongezeka shilingi 100, hudai 1,190,400. Yuro moja ikiuzwa kwa shilingi 2,500, safari hutaka shilingi 29,760,000. Ikiuzwa kwa 3,000, hutaka 35,712,000. Kati ya bei hizi mbili pana tofauti ya karibu shilingi milioni sita, na milioni sita zilikuwa akiba ya mwaka mzima na zaidi ya watu wawili wasiokula nyama ila Ijumaa.

Sasa, katikati ya mwaka 2024 dola ilikuwa imepita shilingi 2,600, na kufika Septemba ilikuwa zaidi ya 2,700. Baada ya hapo shilingi ilianza kupata nguvu. Ilipanda Oktoba, ikapanda Novemba, na katika Desemba dola ilishuka mpaka karibu shilingi 2,400. Yuro nayo ikateremka mpaka karibu 2,500. Akiba ikawa inatosha, na baki kidogo juu yake. Mama alipoambiwa habari hii alisema, “Kama zinatosha, mwanangu, zipeleke.”

“Zitatosha zaidi mwezi ujao, mama,” binti alijibu. “Shilingi inapanda. Tukingoja kidogo tutapata na nauli.”

“Haya. Wewe ndiye uliyesoma. Lakini mhogo ukichimbwa haungoji.”

Binti alicheka, akangoja. Alikuwa amechora mstari katika daftari lake. Aliweka nukta ya Septemba, na ya Oktoba, na ya Novemba, na ya Desemba, akaziunga, kisha akaurefusha mstari mpaka Machi, na mwisho wa mstari alisoma bei iliyomfurahisha. Alikuwa amewafundisha watoto wa watu kwa miaka kadhaa kwamba nukta zilizopita haziilazimishi nukta ijayo. Elimu ya mtu humtumikia vizuri katika mambo ya wengine; katika tamaa yake mwenyewe aghalabu humwacha mlangoni.

Sababu za kupanda kwa shilingi hazikuwa siri. Katika nusu ya pili ya mwaka fedha za kigeni huingia Tanzania kwa wingi. Watalii huja katika majira yao. Korosho za Mtwara na Lindi huuzwa kuanzia Oktoba. Na katika mwaka ule bei ya dhahabu duniani ilikuwa juu. Benki Kuu nayo iliingia sokoni mara kwa mara. Lakini katika miezi ya kwanza ya mwaka mapato hayo hupungua, hali mafuta, mashine na mbolea hazipunguzi kudai dola. Muuza mihogo yeyote angalielewa kanuni hii kama angaliambiwa kwa lugha ya sokoni: kitu kilicho tele hushuka bei, na msimu wa utele una mwisho wake.

Kufika Aprili 2025 dola ilikuwa imerudi karibu na shilingi 2,700. Tena msiba haukuja peke yake. Wakati huohuo dola yenyewe ilipungua nguvu mbele ya yuro: yuro iliyokuwa na thamani ya karibu dola 1.04 mwanzoni mwa mwaka ilipita dola 1.13. Basi shilingi ilianguka kutoka kwa dola, na dola ikaanguka kutoka kwa yuro, na mwenye akiba ya shilingi akitaka yuro alianguka ngazi zote mbili. Yuro moja ikapita shilingi 3,000. Hesabu ya benki ilionyesha shilingi zilezile, wala hapana mwizi aliyeingia. Hata hivyo, safari iliyokuwa imelipiwa Desemba ilipungukiwa na zaidi ya milioni tano katika Aprili.

Hasara ya namna hii ina wazee wake. Shilingi ya Afrika Mashariki, iliyotolewa na bodi ya sarafu iliyoanzishwa mwaka 1919, ilikuwa imefungwa kwa pauni ya Uingereza: shilingi 20 zilikuwa pauni moja, na aliyekwenda London hakuwa na haja ya kuuliza bei. Benki Kuu ya Tanzania ilifungua milango yake mwezi wa Juni 1966, na shilingi mpya ilianza kwa kipimo kilekile. Mwaka uliofuata, katika Novemba 1967, Uingereza ilipunguza thamani ya pauni yake kutoka dola 2.80 mpaka dola 2.40. Tanzania haikufuata. Pauni iliyokuwa shilingi 20 ikawa shilingi 17 na senti kidogo. Mtanzania aliyekuwa na akiba ya shilingi kwa ajili ya kusoma Uingereza alilala maskini akaamka na nafuu, bila kutoa jasho.

Miaka 19 baadaye upepo ulikuwa umegeuka. Mwanzoni mwa mwaka 1986 dola ilikuwa karibu shilingi 17 kwa bei ya serikali. Mwezi wa Juni ikawa 40, na kabla ya mwaka kwisha ikapita 50. Katika siku zile mtu wa kawaida hakuwa na ruhusa ya kushika fedha za kigeni apendavyo. Aliandika maombi, akangoja, na huku akingoja akiba yake iliyeyuka. Sheria ya mwaka 1992 ndiyo iliyofungua mlango, maduka ya kubadilisha fedha yakaenea mjini. Tangu hapo mwenye akiba alipata uhuru wa kuchagua siku ya kubadilisha fedha yake. Uhuru huu ni neema, lakini ulikuja na mzigo ambao wazee hawakuubeba. Aliyenyimwa ruhusa aliweza kuilaumu serikali. Aliyepewa ruhusa akangoja siku mbaya hana wa kumlaumu ila nafsi yake.

Hili ndilo lililomlemea mwalimu kuliko upungufu wenyewe. Kwa majuma matatu hakumwambia mama yake. Alfajiri alitazama bei katika simu kabla ya kuomba dua, na usiku aliitazama tena. Kila aliporudi kutoka shuleni akamkuta mama anasafisha ndoo za mihogo aliona kwamba hakupoteza fedha, alipoteza miezi ya mtu mwingine. Akiba ya pamoja ina heshima yake: aliyeitunza hukabidhiwa jasho la mwenzake pamoja na lake, na akicheza nayo kamari, hata kamari ya kungoja tu, hucheza na kisichokuwa chake.

Mama aliyejua kutambua mhogo mbovu kwa kuugonga tu hakushindwa kumtambua binti yake. Alipoulizwa, binti alisema yote. Mama alikaa kimya kitambo, kisha akasema, “Kiwanja cha Chanika kipo. Tukiuze.”

Kiwanja kile kilikuwa tumaini la uzee wake. Alikinunua ili siku moja aache kulipa pango la Buguruni, apande migomba miwili, akae barazani pake. Binti alikataa, na katika kukataa kwake alilia. Asubuhi yake mama alimchukua, wakapanda daladala kwenda Kariakoo kwa ndugu yake mama, mfanyabiashara wa vitu vya umeme, mwenye duka jembamba karibu na Mtaa wa Kongo.

Kariakoo, ambayo jina lake ni kumbukumbu ya wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza, ni shule ya fedha isiyo na cheti. Wafanyabiashara wake hununua mali Guangzhou na kuiuza kwa watu wa mikoani, wa Kongo na wa Malawi. Hulipa kwa dola na kupokea shilingi, na katikati ya kulipa na kupokea hupita miezi. Mwaka 2019, maduka mengi ya kubadilisha fedha ya Dar es Salaam yalipofungwa baada ya ukaguzi wa serikali, waliendelea. Mwaka 2023, dola zilipokuwa adimu benki, waliendelea vilevile. Mtu akitaka kujua jinsi ya kuishi na bei isiyotulia, hana haja ya kwenda mbali.

“Shikamoo, mjomba.”

“Marahaba, mpwa wangu. Mbona umekonda kabla ya kufika kwenye baridi?”

Alisimuliwa habari. Hakumlaumu, wala hakumfariji. “Nimefanya kazi hii miaka thelathini,” alisema. “Siku ya bei nzuri nimeijua kila mara ilipokwisha kupita. Mimi deni langu ni la dola. Basi kila nikiuza, nanunua dola kidogo, bei iwe tamu, iwe chungu. Sinunui kwa sababu ni rahisi. Nanunua kwa sababu nadaiwa.”

“Na kama bei itashuka baada ya kununua?”

“Itakukuta una sehemu nyingine ya kununua. Nayo ikipanda, itakukuta umekwisha kununua sehemu. Hutafurahi sana, wala hutalia sana.”

Akamwonya pia juu ya mambo mawili. La kwanza, asimsikilize kijana yeyote wa njiani atakayemwahidi bei bora kuliko ya benki, kwa sababu fedha inayobadilishwa kichochoroni haina risiti, na noti bandia haina mjomba. La pili, asiigawe akiba vipande vingi mno, kwa maana benki hutoza ada kwa kila hawala, na bei ya kuuza yuro siku zote huwa juu ya bei ya kuinunua. Anayepitapita mlangoni hulipa kila mara.

Akiba iligawanywa mafungu matatu: yuro 3,968 Aprili, yuro 3,968 mwishoni mwa Juni, na nyingine kama hizo Agosti. Wanawake wa upatu walikutana nyuma ya meza za mihogo. Zamu ya mama ilikuwa ya mwisho kabisa, Agosti ya mwaka uliofuata. Mwenye zamu ya Juni alikubali kubadilishana naye, akasema maneno machache tu, kwamba paa lake limevuja miaka mitatu na linaweza kuvuja tena. Shilingi 4,000,000 ziliingia katika safari. Nauli aliitoa mjomba, kwa mkopo usioandikwa. Kiwanja cha Chanika kilibaki mahali pake.

Fungu la kwanza lilinunuliwa kwa bei ya juu. La pili lilinunuliwa kwa bei ya juu zaidi. Agosti shilingi ilikuwa imerudi kupata nguvu, na fungu la tatu likapatikana kwa nafuu. Jumla ya yote ilikuwa karibu sawa na ile ambayo angalilipa kwa mara moja katika Aprili. Kwa hiyo shauri la mjomba halikumwokolea mwalimu fedha. Lilimwokolea miezi minne ya maisha. Tangu siku ya fungu la kwanza aliomba dua kabla ya kutazama simu, na baada ya muda siku nyingine zilipita bila kuitazama. Wengi hudhani kwamba busara katika mambo ya kubadilisha fedha ni kuishinda bei. Bei haishindwi na mwalimu wa Buguruni, wala haina uadui naye, haimjui. Busara iliyo katika uwezo wake ni kupunguza ukubwa wa siku moja, ili pasiwe na asubuhi yenye nguvu ya kubomoa miaka sita.

Jioni ya mwisho mama aliuliza swali alilokuwa amelitunza. “Hiyo yuro moja ni mafungu mangapi ya mihogo?”

Fungu lilikuwa shilingi 1,000. “Kama matatu, mama. Desemba yalikuwa mawili na nusu.”

“Na mhogo ni uleule?”

“Ni uleule.”

Mama akatikisa kichwa, akaendelea kukunja nguo za binti yake na kuzipanga katika sanduku.

Baada ya binti kuondoka Septemba, upatu ulibaki na michango 11 ya kulipwa, jumla shilingi 2,200,000, na binti aliichukua iwe juu yake. Hapo tabia ya fedha ilimwonyesha uso wa tatu. Sasa alikuwa na yuro, na deni lake lilikuwa la shilingi. Yuro ikiwa shilingi 2,500, mchango wa mwezi mmoja humgharimu yuro 80. Ikiwa 3,000, humgharimu chini ya 67. Kushuka kwa shilingi, jambo lililomnyima usingizi Buguruni, kungalikuwa faida yake ugenini. Wengi waliohama wamejikuta katika hali hii, wakifurahi kimoyomoyo kila fedha ya kwao inapodhoofika, kwa kuwa hawala yao huonekana nono. Walakini mama yu sokoni. Shilingi ikidhoofika, mafuta huwa ghali; mafuta yakiwa ghali, gari lililetalo mihogo kutoka shamba huongeza nauli; na mnunuzi wa Buguruni hukaa na shilingi 1,000 yake ileile. Faida ya mtoto huja kwa mlango uleule upitao hasara ya mzazi.

Mwalimu alilijua hili, kwa hiyo alijiwekea sheria ndogo katika daftari lilelile lenye mstari wa Desemba. Kila tarehe mosi ya mwezi angepeleka shilingi 200,000 kamili, zigharimu yuro ngapi zigharimuvyo, wala asitazame bei kabla ya kupeleka. Oktoba alipeleka hivyo. Mama alizipokea, akazikunja katika pindo la khanga, akavuka kwenda upande wa pili wa soko alikokaa kijumbe. Kijumbe alizihesabu, akaona zimetimia, akaweka alama mbele ya jina lake.